“Ongeza RAM, itatulia”: dhana potofu kuhusu kompyuta ndogo ya studio ya nyumbani

Mteja akiingia na kisanduku chake cha kompyuta kwapani, kabla hajakaa najua atakachosema: sauti inakwaruza, na rafiki amemshauri aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nimelisikia hili hapa Kampala kwa vijana wa Kisenyi, kwa waimbaji wa injili Wakongomani wa Nsambya, kwa watu wanaonipigia simu kutoka Bombo na Arua. Limenichosha, kwa sababu mara nyingi pesa imeshatoka mfukoni, na ilikuwa pesa ya kununulia maikrofoni ya maana. Nitaanza na hili na nitakaa nalo. Mengine nitayapitia haraka.

“RAM ikiongezwa, mkwaruzo utaisha”

Hautaisha, isipokuwa katika hali moja nitakayoitaja. Programu ya kurekodia, iwe FL Studio, Reaper au Cubase, hukata sauti vipande vifupi na kuvikabidhi kwa kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti) kimoja baada ya kingine. Urefu wa kipande ndiyo ile bafa unayoiona kwenye mipangilio. Ukifanya kazi kwa 44,100 Hz, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, na bafa ya vipimo 128, kipande kimoja ni milisekunde 2.9 hivi. Ndani ya muda huo prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima iwe imepitisha kipande kinachofuata kwenye kila plagini (programu ndogo ya kupamba sauti) ya kila treki, imejumlisha treki zote na kumaliza na masta, njia ya mwisho zinakokutana. Ikichelewa, kadi ya sauti inakosa cha kupiga, na pengo hilo ndilo sikio lako linalolisikia kama mkwaruzo. Kinachokosekana ni muda, na RAM ni nafasi. Muuza rolex (chapati ya kuviringia mayai) wa Wandegeya ukimpa meza kubwa zaidi, mayai hayaivi haraka zaidi.

Tena nafasi yenyewe inayohitajika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Treki ya mono ya biti 24 kwa 44,100 Hz inakula karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki 20 za namna hiyo haufiki MB 700, na programu nyingi huisoma sauti hiyo kutoka kwenye diski kadiri wimbo unavyocheza, wala haziijazi RAM.

Hali niliyosema ni ya ala za sampuli, yaani ala za ndani ya kompyuta zinazopiga noti zilizorekodiwa: piano kubwa, nyuzi za okestra, kwaya. Hizo hupakia sehemu ya kila noti kwenye RAM, na ukirundika nyingi RAM inajaa, Windows inaanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo sauti itakatika kweli. Kujua kama uko huko ni kazi ya dakika moja. Fungua Task Manager wimbo ukiwa unacheza, tazama kumbukumbu iliyotumika. Kama una GB 16 na zimetumika 9, RAM ya ziada itakaa bure. GB 16 zinamtosha karibu kila anayenijia. Mimi huweka vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, ili prosesa ipate njia mbili za kusomea kumbukumbu.

Nikifika hapa hunijibu: “Lakini fundi, mbona CPU inaonyesha asilimia 35 tu?” Kile ni kiwango cha wastani wa kori zote za prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi sambamba. Plagini ulizozipanga kwenye treki moja hufanya kazi kwa kufuatana: kompresa inasubiri EQ, riverbu inasubiri kompresa. Mnyororo huo kwa kawaida hubebwa na kori moja, na masta inazisubiri treki zote ndipo ianze. Kori moja ikilemewa huku tano zimekaa, wastani utaonekana mdogo na sauti itakwaruza vilevile. Kwa hiyo angalia kipimo cha mzigo kilichomo ndani ya programu yako ya muziki, hicho ndicho kinachokaribia ukweli. Na kwa hiyo pia, ukinunua kompyuta ya muziki, uliza kwanza kasi ya kori moja, ndipo uhesabu kori.

Kijana mmoja wa Nsambya aliniletea kisanduku cha ofisi kilichotumika, prosesa i5-8500T, na RAM mpya ya GB 32 aliyotoka kuinunua. “Fundi, nimeshaweka 32, bado inakwaruza.” Nilifungua skrubu ya nyuma, nikatoa kifuniko cha feni. Mapezi ya kupozea yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu la barabara ya murram, limeshikana na nyuzi za zulia hadi limekuwa tabaka unaloweza kulibandua kwa kucha. Feni ilizunguka, hewa haikupita. Joto lilikuwa linapanda zaidi ya nyuzi 90, na prosesa ya namna hiyo ikipata joto hujishusha kasi yenyewe ili isiungue. Tulipuliza vumbi, tukafuta pesti kavu ya kupitishia joto, tukapaka mpya. Kisha tukabadilisha mpango wa umeme wa Windows uwe wa nguvu zote badala ya ule wa kubana matumizi. Programu ya LatencyMon, ambayo ni ya bure, ikatuonyesha kuwa draiva ya Wi-Fi (programu inayokiendesha kifaa hicho) inaishika prosesa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, tukaizima. Mwisho nikamwomba atoe kwenye masta ile limita na EQ nzito wakati wa kurekodi, azirudishe wakati wa kumiksi. Akaimba kwa bafa ya 128, sauti safi kabisa. Ile RAM haikuguswa hata robo.

Ndio mpangilio ninaoufuata kwa kila mtu: vumbi na pesti, mpango wa umeme, draiva, Wi-Fi, bafa, halafu plagini. Kwenye draiva sina mjadala. Kama kadi yako ya sauti ina draiva ya ASIO ya kwake, tumia hiyo. Steinberg waliileta ASIO mwaka 1997 ili sauti isizunguke kwenye njia ndefu za kawaida za Windows, na hadi leo hiyo ndiyo njia. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya asiye na namna nyingine.

Kuhusu bafa, watu huiweka mahali pamoja na kuisahau. Ukirekodi, weka 128 au 256. Ukimiksi, ipandishe hadi 1024. Hapo kipande kinafika milisekunde 23, lakini hakuna anayeimba, kwa hiyo hakuna anayeusikia ucheleweshaji huo, na prosesa inapata nafasi ya kupumua. Treki yenye sintesaiza nzito uliyomaliza kuipanga, igandishe iwe sauti ya kawaida. Na kama kadi yako ina kitufe cha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie! Nimewakuta watu wanarekodi adungu (kinubi chetu) na sauti kwa pamoja, wanalalamika kuwa wanajisikia kwa kuchelewa, na kitufe kiko mbele yao hakijawahi kubonyezwa.

“Studio bila kadi ya grafiki si studio”

Kadi ya grafiki huchora picha. Programu ya muziki inahitaji ichorewe mawimbi na vipimo vinavyopanda na kushuka, na hiyo ni kazi ambayo grafiki iliyomo ndani ya prosesa inaifanya bila shida. Kadi ya grafiki ya GTX 1060 peke yake imewekewa kiwango cha wati 120, wakati ile i5-8500T ni wati 35. Unalipia umeme, unaongeza joto na kelele ya feni ndani ya chumba ambacho maikrofoni iko wazi, na haitoshei kwenye kisanduku kidogo. Anayehariri video za nyimbo zake ana hoja tofauti. Anayerekodi tu, pesa hiyo aipeleke kwenye kadi ya sauti na hedifoni.

“Mimi nina Core i7”

Prosesa hiyo ni ya mwaka gani? Wauzaji wa mashine zilizotumika hutaja i7 kisha wananyamaza, na mnunuzi anaridhika. i7-2600 ni ya mwaka 2011. i3-12100 ya mwaka 2022 ina jina dogo na kori nne zilezile, lakini inaipita i7 hiyo kwa mbali, hasa kwenye kasi ya kori moja, ambayo ndiyo tunayoitaka.

Soma namba. Kwa prosesa hizi za mezani, ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ni kizazi: i5-8500T ni kizazi cha 8, i7-2600 ni cha 2, i3-12100 ni cha 12. Herufi T mwishoni ni prosesa ya kompyuta ya mezani inayobana umeme. Mimi siuzi chini ya kizazi cha 8 kwa mtu wa muziki. Hicho ndicho kizazi ambapo i5 ya mezani ilitoka kwenye kori nne ikaingia sita, na Windows 11 kwa kawaida inakitaka hicho au kipya zaidi. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Usikubali kuambiwa “i7” bila kuiwasha mashine na kusoma namba kwa macho yako.

Dhana nyingine, kwa ufupi

Kwamba kisanduku kidogo hakiwezi kazi. ThinkCentre M720q, EliteDesk 800 G4 Mini na OptiPlex 3060 Micro zote zinakaa nyuma ya skrini, zina nafasi ya SSD (diski ya kasi) ya M.2, na RAM yake ni ileile ya laptopu, inapatikana kila mahali mjini. Ukizipa prosesa nzuri na kuzisafisha, zinabeba albamu nzima.

Kwamba lazima Mac. Mac mini ya M1 ya mwaka 2020 ni mashine nzuri sana ya muziki, ukiipata kwa bei yako ichukue, ila ujue RAM yake haiongezeki baadaye. Sauti inayotoka ni ileile. Programu ya Logic Pro ndiyo haipatikani kwenye Windows, na FL Studio inakwenda pande zote mbili.

Kwamba 96 kHz ni studio kubwa. Ukitoka 48 kwenda 96 unaipa prosesa karibu kazi maradufu kwa ajili ya masafa ambayo sikio halisikii, maana mwisho wetu ni kama kHz 20. Baki 44.1 au 48 na biti 24.

Kwamba SSD inaboresha sauti. Inafungua miradi haraka na inasaidia ala za sampuli. Sauti haibadiliki.

“Mngurumo huu ni kompyuta mbovu”

Spika zikinguruma chini chini hata muziki ukiwa umesimama, tazama ukutani kabla ya kuileta mashine kwangu. Umeme wetu ni volti 240 kwa Hz 50, na mngurumo huo mara nyingi ni Hz 50 hizohizo zinazoingia kwenye waya za sauti. Soketi zetu zina matundu matatu, na skrini nyingi zilizotumika zinakuja na plagi ya pini mbili za Ulaya. Watu huchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi iingie. Kifaa kinachotakiwa kuwa na erthi kikichomekwa hivyo hakina erthi kabisa, na hatari yake inazidi ya mngurumo: kinaweza kumrusha mwimbaji anayegusa maikrofoni ya chuma.

Nunua waya wenye plagi ya pini tatu, fyuzi ndani yake. Kompyuta, skrini, spika na kadi ya sauti zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye erthi ya kweli, si kila kimoja kwenye soketi yake, kwa kuwa erthi zilizo mbali huunda mzunguko unaobeba mngurumo. Kutoka kwenye kadi ya sauti kwenda kwenye spika tumia waya wa XLR au wa TRS, usitumie wa RCA kama spika zinakubali hizo nyingine. Na ekstensheni hiyo iingie kwenye UPS, kisanduku chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika. Stabilaiza inarekebisha volti tu, umeme ukikatika inazima pamoja na wewe. Kisanduku chenye adapta ya wati 65 na skrini yake kinakaa vizuri kwenye UPS ya 650 VA kwa muda wa kumaliza mstari, kuhifadhi wimbo na kuzima taratibu.