Kabla ya kudai akili ya hisia kwenye tangazo la kazi

Matangazo ya kazi ninayoletewa na waajiri wa hapa Nakuru niyakague yana mstari mmoja ambao siku hizi haukosekani: mwombaji awe na akili ya hisia ya kiwango cha juu. Umo kwenye tangazo la mhudumu wa kaunta ya sacco, la mhasibu, hata la fundi wa pampu katika shamba la maua. Mimi ni mwanasaikolojia wa masuala ya kazi na ajira, na kila mara huwarudishia swali lile lile: huyu mtu atakuwa akishughulika na hisia za nani, na kwa kiasi gani?

Dhana yenyewe si ya kubuni tu. Wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliieleza mwaka 1990 kuwa ni uwezo wa akili: kutambua hisia zako na za wenzako, kuzielewa, kuzidhibiti na kuzitumia katika kufikiri. Mwaka 1995 Daniel Goleman akatoa kitabu kilichoisambaza dunia nzima, na hapo mambo yakaanza kuchanganyika. Bidii, matumaini, uchangamfu, kujiamini, vyote vikatiwa kapu moja. Ndiyo maana mameneja wawili wanaweza kukubaliana kwamba fulani "ana akili ya hisia", kumbe mmoja anamaanisha ni mpole na mwingine anamaanisha ni mchapakazi.

Chukua kaunta ya sacco mwisho wa mwezi, wakulima wa Njoro na Molo wamekuja kutoa pesa za maziwa. Mzee mmoja anakuta amekatwa, kwa sababu shemeji yake, ambaye yeye mzee ndiye mdhamini wake, ameacha kulipa mkopo. Anapiga kaunta, anawaita wote wezi. Mhudumu anayesikia kelele tu atamwita soja. Mwenye uwezo ninaousema ataona kuwa hasira hiyo imefunika aibu: mzee amepata habari za shemejiye mbele ya foleni ya majirani. Mhudumu naye ametukanwa hadharani, moyo unamdunda. Anajituliza kwanza, kisha anasema, "Pole, mzee wangu. Hebu tukae hapa kando nikuonyeshe karatasi yenyewe."

Kutambua, kuelewa, kisha kujidhibiti: Dana Joseph na Daniel Newman walizipanga hatua hizo kama mnyororo mwaka 2010, walipounganisha matokeo ya tafiti nyingi. Jambo lililonivutia katika kazi yao ni jingine. Katika kazi zinazomlazimu mtu kushughulika na hisia za watu muda wote, akili ya hisia iliandamana na utendaji bora. Katika kazi zisizo na mzigo huo, uhusiano ulififia, na kwa wale waliopimwa uwezo huo kwa mtihani, si kwa kujieleza wenyewe, hata ulielekea kinyume kidogo. Fundi wa pampu anayesoma nyuso vizuri hatengenezi pampu upesi zaidi.

Hata pale inapohitajika, tusiitie chumvi. Mwaka 2011 Ernest O'Boyle na wenzake walikuta uwiano wa kati ya 0.24 na 0.30 baina ya akili ya hisia na utendaji kazini, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni uhusiano kamili. Zidisha 0.30 kwa yenyewe upate 0.09, yaani karibu asilimia 9 ya tofauti za utendaji baina ya wafanyakazi. Si haba, hasa kwa mwajiri anayeajiri watu wengi. Lakini anayekualika semina ya hotelini Naivasha akidai asilimia 80 ya mafanikio ni hisia, huyo anakuuzia hewa.

Hojaji nazo zina yao. Nyingi zinazotumika kuchuja waombaji humwuliza mtu ajisifu mwenyewe: je, wewe huelewa hisia za wengine? Nani anayetafuta kazi atajibu hapana? Utafiti wa Joseph na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa alama za hojaji za namna hii hubashiri utendaji, ila ukishaondoa mchango wa bidii, utulivu wa moyo, uchangamfu, akili ya kawaida na jinsi mtu anavyojiamini, kinachobaki ni karibu sufuri. Kumbe unalipia kipimo cha mambo ambayo yangepimwa kwa njia nyingine, tena kwa bei nafuu.

Kuna pia gharama ambayo waajiri hawapendi kuisikia. Arlie Hochschild, mwanasosholojia aliyewachunguza wahudumu wa ndege, aliandika mwaka 1983 kuhusu kuuza tabasamu kama sehemu ya kazi. Kutabasamu usoni huku ndani unachemka kunachosha kuliko kujitahidi kumwelewa mteja kikweli, na tafiti za baadaye zimekuhusisha na uchovu mkubwa wa kazi. Mhudumu wa kaunta asiyepata hata dakika za kunywa chai hadi saa tisa atabaki na tabasamu la usoni tu. (Na mbona tangazo la meneja mkuu mara nyingi halina ule mstari?)

Kwa kazi ya kaunta au ya afisa wa mikopo, mimi hupendekeza waombaji wote waulizwe maswali yale yale kuhusu mambo waliyokwisha kuyafanya. Nieleze mara ya mwisho mtu alipokukasirikia kazini. Ulijuaje kilichomkera? Ulifanya nini, na ikaishaje? Wasaili wawili watoe alama kila mmoja kivyake kabla ya kuzungumza. Mhasibu naye mpe vitabu vya mwezi mmoja vyenye kosa, umwachie meza na kikokotoo, aanze kulitafuta.