Aleji ya salfa haihusu salfeti

Aleji ya salfa ni kinga ya mwili kuchachamaa dhidi ya dawa za jamii ya salfonamidi, hasa zile za kuua bakteria. Mwenye nayo hapewi Septrin, hapewi SP, dawa ya kuzuia malaria ya kliniki ya wajawazito (sehemu yake moja ni salfadoksini), wala hapakwi krimu ya silva salfadiazini kwenye majeraha ya moto. Hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza mwanafunzi wa uuguzi anaposoma kwenye faili "aleji: salfa", kisha akasita kuchoma sindano ya magnesiamu salfeti, dawa ya kutuliza degedege, kwa mama anayetupwa na kifafa cha mimba, eti majina yanafanana.

Kosa liko kwenye jina. Salfa ni elementi, ileile ambayo Waarabu waliiita kibriti nasi tukaliazima neno hadi likaishia kwenye njiti za moto. Aleji ya elementi hiyo haipo, na ingekuwapo mtu asingeishi: salfa imo kwenye methionini na sisteini zinazojenga protini zetu, imo kwenye insulini, imo hata kwenye penisilini, ambayo si "dawa ya salfa" kabisa. Mkanganyiko ulitoka Ulaya. Mwaka 1932 Gerhard Domagk, akiwa Bayer nchini Ujerumani, aliona rangi nyekundu iitwayo Prontosil ikiwaponya panya maambukizi ya bakteria. Mwaka 1935 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakaonyesha kwamba rangi hiyo huvunjika mwilini na kutoa salfanilamidi, nayo ndiyo inayofanya kazi. Dawa zote zilizozaliwa humo zikaitwa kwa mkato "salfa", na mkato huo ndio unaotutesa wodini.

Kinachochokoza kinga ni umbo la molekuli. Salfonamidi za bakteria zina kundi la amini lililoshikamana moja kwa moja na pete ya benzini. Ini hulibadili kundi hilo kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye protini za mwili, na kinga ikaziona ngeni. Salfeti haina amini wala pete. Ni atomu moja ya salfa na nne za oksijeni, ioni ambayo tayari imo kwenye damu yako unaposoma hapa. Watengeneza dawa huitumia kama chumvi ya kubebea tu, ndiyo maana utaikuta kwenye vidonge vya kuongeza damu, zinki ya mtoto anayeharisha, salbutamoli, jentamaisini na mofini.

Kwa hiyo mama yule achomwe. Ampuli ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 50 ina gramu 5. Kwa dozi ya mshipani vuta mililita 8, yaani gramu 4, ongeza mililita 12 za maji ya sindano. Utapata mililita 20 za asilimia 20, uzipitishe polepole, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako pamoja na dawa ya ganzi. Cha kuogopa hapa ni magnesiamu yenyewe ikizidi. Kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linarusha likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata, kwa hiyo kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, dawa ya kuzimua magnesiamu iliyozidi, ikae kwenye trei mapema.

Furosemidi na haidroklorothiazidi (dawa za kukojoza) na glibenklamidi (ya kisukari) ni salfonamidi kweli, ila hazina ile amini, na hatari yake kwa mwenye aleji ya Septrin ni ndogo. Mjulishe daktari, mwangalie mgonjwa, usiifute dawa kwa uamuzi wako. Salfaiti, kihifadhi kinachowekwa kwenye baadhi ya vyakula na sindano, ni kitu kingine tena: inaweza kumbana kifua mwenye pumu, lakini hata hivyo adrenalini yenye salfaiti haizuiwi mtu akiwa kwenye mshtuko wa aleji.

Turudi kwenye faili, maana huko ndiko pa kurekebisha. Neno "salfa" peke yake halimsaidii atakayepokea zamu. Andika jina la dawa, kilichotokea, na siku ngapi baada ya kuianza: "Septrin, malengelenge na vidonda mdomoni, siku ya 10." Huyo asiionje tena maishani. Aliyepata kichefuchefu tu hana aleji, na doa jeusi linalorudi palepale kila akimeza dawa ni aleji hata kama haliwashi. Mgonjwa akikuambia ana aleji ya salfa, usimkatalie. Muulize tu alimeza kidonge gani.