Adhabu Ikikosewa, Je, Mfungwa Huachiliwa?

Wengi nchini Kenya huamini kwamba majaji wa rufaa wakigundua kosa katika adhabu, kesi nzima huporomoka na mfungwa hurudi nyumbani. Kwa kawaida sivyo, kwa sababu kutiwa hatiani na kuadhibiwa ni mambo mawili, na la pili linaweza kurekebishwa bila la kwanza kuguswa.

Tuseme mtu amepatikana na hatia ya kula njama ya kutenda kosa kubwa. Kifungu cha 393 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kikomo cha miaka 7 gerezani, na ikiwa kosa lililopangwa lina kikomo cha chini ya hapo, hicho kidogo ndicho hutumika. Hakimu akitoa miaka 10, majaji wataitengua adhabu hiyo na kuweka iliyo halali, lakini hatia itabaki. Adhabu ikiwa ndani ya kikomo, huwa hawaiingilii ila hakimu awe alifuata kanuni isiyo sahihi, alipuuza jambo la msingi, au alipita kiasi waziwazi. Tena wanaweza hata kuiongeza, jambo ambalo warufani hawapaswi kulisahau.

Anayetaka kuhakikisha asome hukumu za rufaa, ambazo hupatikana bure mtandaoni, hasa aya za mwisho, ambako hatia na adhabu huamuliwa kila moja kivyake. Aangalie pia kama muda wa rumande ulizingatiwa, kama kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinavyoagiza.