Maleba kwa bajeti ndogo: achaneni na satini

Ikifika Novemba, walimu na viongozi wa kwaya huanza kupita kwa mafundi wa Mbeya na Iringa kushonesha maleba, yaani nguo za jukwaani, ya mchezo wa Krismasi, kila mmoja na mfuko wa satini mkononi. Mamajusi watatu, malaika kumi, Herode mmoja, na hela imeishia dukani. Wanayosema ni yale yale kila mwaka, basi yaandikwe hapa pamoja na majibu yake, mtu ayasome kabla hajanunua.

"Joho la jukwaani lazima liwe jipya na ling'ae"

Hapana. Aliyekaa mita kumi kutoka jukwaani anaona rangi, umbo na jinsi nguo inavyoanguka mwilini. Mng'ao kazi yake ni kuonyesha kila mkunjo, na simu ikipiga picha kwa flashi, kifua kizima kinageuka doa jeupe.

Satini ya bei ya chini ni poliesta. Inateleza chini ya mkasi, ndiyo maana upande mmoja wa joho hutoka mrefu kuliko mwingine. Inafumuka kingo zote, kwa hiyo kila mshono unataka ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, na ovaloki inalipiwa. Sindano namba 14 inayokaa kwenye cherehani siku zote inavuta nyuzi zake. Inataka namba 11, tena mpya. Kisha pasi ya mkaa ikidondosha cheche moja tu, tayari kuna tundu, na tundu la poliesta halifichiki.

Nendeni soko la Mwanjelwa au la Sido, hapa Mbeya, siku belo za shuka zinapofunguliwa. Shuka la mtumba la kitanda cha watu wawili, lenye sm 200 kwa 230 hivi, linatoa majoho mawili ya watoto wa miaka 12. Pimeni kwanza, maana mitumba haina saizi moja. Ukataji wake ni huu: kwa kufuata urefu wa shuka, kata vipande viwili vya upana wa sm 75, kinabaki kipande cha sm 50. Kila cha sm 75 kikunje katikati. Mkunjo ndio mabega, na urefu unakuwa sm 115, unaofika karibu na kifundo cha mguu. Kile cha sm 50 kikate mara nne, kila kimoja sm 57, upate mikono minne: sm 50 ni urefu wa mkono, 57 ni mzunguko. Pindo la kiwandani lililo kwenye ncha za shuka liacheni lilivyo, ndilo pindo la chini la joho. Kazi moja imepungua.

Shingo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Upana sm 14, mbele ishuke sm 7, nyuma sm 2, halafu mpasuo wa sm 12 mbele ili kichwa kipite. Anayekata kwa kukisia hufungua sm 20 na zaidi, na joho linashinda likimteremka mtoto begani.

Kabla ya kulipa, inua shuka ulitazame kwenye mwanga. Shuka huchakaa katikati, pale mtu anapolala, na katikati ndipo yatakapokaa mabega, yanayobeba uzito wote. Likionekana kama chujio, si lazima uliache: kila kipande kikate katikati, vigeuze vile viwili, zile ncha nzima ziende begani na sehemu iliyochakaa iende chini. Unapoteza sentimita chache kwa mshono wa begani na pindo jipya, basi.

Watoto 20 ni shuka 10. Kwa satini ya upana wa sm 150, kwa vipimo hivyo hivyo, ni mita 31, na ovaloki bado. Herode mpeni pazia zito la mtumba. Linaanguka kifalme kuliko kitambaa chochote cha dukani.

"Ukitia chumvi na siki, rangi inashika nguo yoyote"

Chumvi husaidia rangi iingie kwenye pamba. Haizuii isitoke ukifua. Siki ni ya sufu na hariri, pamba haiihitaji. Poliesta haishiki kabisa rangi ya unga ya pakiti. Hata ile rangi maalumu ya poliesta inataka moto mkali, na hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 tu. Chomoa uzi mmoja uuchome: ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka ukaacha punje ngumu, rudisha shuka. Tena tieni rangi kabla ya kushona, maana uzi wa kushonea kwa kawaida ni poliesta, na mishono itabaki myeupe.

"Gundi ya moto inatosha"

Kwa taji la boksi, sawa. Kwapani haifai. Mchezaji akiinua mikono mara mbili, inabanduka. Wacheza ngoma wawekewe kiraka cha mraba cha sm 10 kila kwapa. Bila hicho, mshono utapasuka tu.

"Mtoto apimwe alivyo"

Mchezo ukiwa Juni au Julai, wakati wa baridi, mtoto wa Njombe au Mufindi atavaa sweta ndani ya joho. Atavaa tu, hata mwalimu akikataza. Mpimeni akiwa nalo, kisha mwongeze sm 10 kwenye mzunguko wa kifua. Mchezo wa Krismasi ni wakati wa mvua: pindo likae sm 5 juu ya kifundo, lisiburuze tope.

"Mkwawa lazima avae ngozi ya chui"

Shule nyingi za Iringa huigiza vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe wa Mkwawa dhidi ya Wajerumani, na kila mara kuna anayeulizia ngozi halisi. Kumiliki ngozi ya chui bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Chukueni blanketi la mtumba la rangi ya mchanga, rangi ya maji ya ukutani iliyozimuliwa kidogo, na kipande cha sponji. Msichore vitone, huyo atakuwa duma. Madoa ya chui mgongoni ni pete zilizokatika, katikati pana hudhurungi iliyokoza kidogo kuliko mwili. Anikeni siku nzima, na msilifue.