Veranda ya Mbao Iliyochakaa: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Mbao nyingi nzuri za veranda hung'olewa na kuishia jikoni kama kuni kwa sababu ya rangi yake tu. Mwenye nyumba anaziona zimepauka, anaambiwa zimeoza, anaagiza mpya. Kama una veranda ya namna hiyo, ya mvule, mninga au paini, na uko tayari kuinama na msasa mwenyewe, sikiliza kwanza yanayosemwa mtaani, kisha uyapime.

"Mbao ikiwa kijivu imeoza." Kijivu ni kazi ya jua. Mionzi yake huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha mvua huiosha na kuacha nyuzi zilizopauka. Tabaka hilo ni jembamba sana, na likiondolewa rangi ya mbao hujitokeza tena. Kuoza huletwa na kuvu wanaostawi penye unyevu wa kudumu. Chukua bisibisi uchome: penye uzima itagoma, penye uozo itazama. Chunguza hasa ncha za mbao, kandokando ya misumari na pale mbao inapolalia boriti, maana huko ndiko maji hutuama. Gonga pia kwa nyundo, kwa kuwa mchwa hula kwa ndani na kuacha ngozi ya juu ikionekana nzima. Ubao ulioharibika utolewe peke yake. Boriti za chini zikaguliwe kabla ya yote. Zikiwa zimeoza, kung'arisha juu ni kupoteza fedha na kuhatarisha watu.

"Mashine ya presha inamaliza usafi." Inamaliza na mbao. Maji ya nguvu huchimba sehemu laini, hasa kwenye paini, huinua nyuzi na kusukuma unyevu ndani. Brashi ngumu ya nailoni, maji na sabuni vinatosha, ukisugua kufuata mkondo wa nyuzi. Brashi ya waya usiiguse: vipande vyake hubaki ndani, hushika kutu na kuacha madoa meusi. Jiki nayo hufuta weusi wa ukungu, lakini ikizidi hushambulia lignini ileile iliyokwisha kuliwa na jua, wala haiondoi doa la msumari. Doa hilo huondolewa kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji. Ni sumu: vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, na ukimaliza suuza vizuri.

"Ikikauka juu imekauka." Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mbao hunywa maji na kuvimba, hukauka na kusinyaa, na unyevu uliofungiwa ndani utatafuta njia ya kutoka hata kama ni kwa kubandua kila ulichopaka. Baada ya kuosha, iache siku kadhaa za jua. Kisha dondosha matone ya maji: yakizama upesi, mbao iko tayari kunywa mafuta. Yakikaa juu, ama bado ni mbichi ama ina masalia ya vanishi ya zamani. Pwani, usianze kazi hii wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala katikati ya vuli. Januari na Februari kunafaa, ila upakaji ufanywe asubuhi umande ukishakauka, au alasiri jua likipungua. Kwenye jua kali mafuta hukauka juu kabla hayajazama.

"Msasa uwe laini kabisa." Sio kwa sakafu ya nje. Anza na namba 60, maliza na 80. Ukilainisha sana, mbao haipokei mafuta vizuri. Kabla ya hapo, zamisha vichwa vya misumari au vibadilishe kwa skrubu zisizoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Vumbi lenyewe lisidharauliwe. La mvule huwasha ngozi na linaweza kuleta pumu. La mbao za zamani zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, ni baya zaidi, kwa sababu dawa iliyotumika sana ilikuwa na kromiamu, shaba na arseniki. Marekani iliiondoa kwenye mbao za makazi mwishoni mwa 2003. Kama veranda yako ni ya mbao hizo, au hujui, osha tu bila kupiga msasa, na vipande vyake visichomwe moto kamwe, wala kupikiwa.

"Vanishi inayong'aa ndiyo kinga." Ndani ya nyumba, sawa. Sakafu inayokanyagwa, kupigwa jua na kunyeshewa huichana vanishi, maji huingia chini yake, kisha inabanduka kama magamba. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walipaka mbao za juu ya maji sifa, mafuta ya papa, wakarudia kila yalipoisha. Walifuata njia sahihi: kinga izame ndani ya mbao. Leo tafuta mafuta ya mbao za nje yenye dawa ya ukungu na rangi kidogo, kwa kuwa rangi ndiyo inayozuia jua. Yasiyo na rangi yoyote hayazuii kijivu kurudi.

"Oili chafu ya gari inatosha, na ni bure." Nakusihi, usiipake. Oili ya injini haikauki, hunasa vumbi, hupaka nyayo za watoto na nguo. Ina metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na mvua huzishusha kwenye udongo na kisima. Siku utakapotaka mafuta halali, hayatashika.

"Paka mara nyingi ndiyo idumu." Mbao hunywa kiasi chake. Kinachobaki juu baada ya dakika kama 15 au 20, au muda ulioandikwa kwenye kopo, kifute, la sivyo kitanata wiki nzima. Matambara ya kufutia usiyarundike: mafuta ya kitani, yale ya linsidi, hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kuwaka bila kiberiti. Yaloweke kwenye ndoo ya maji, au yatandaze nje moja moja hadi yakakamae, ndipo uyatupe.