Je, wajua kwa nini ugonjwa husafiri haraka zaidi baharini kuliko nchi kavu?

Machi 1995, dagaa aina ya sadini walianza kufa kwa wingi kusini mwa Australia. Haukupita muda wakawa wanakufa upande wa mashariki, na wengine upande wa magharibi. Ugonjwa ulitembea kiasi cha kilomita 30 kwa siku, mara ukienda na mkondo, mara ukienda kinyume chake, mpaka ukawa umepita karibu kilomita 5,000 za pwani na kuvuka hadi New Zealand. Waliowapima samaki hao walikuta virusi vya jamii ya hepesi vilivyoharibu matamvua yao. Mwaka 1998 balaa hilo likarudi.

Nchi kavu ni nadra kuona kasi ya namna hiyo, labda mgonjwa awe amepanda ndege. Watafiti waliolinganisha milipuko ya magonjwa ya nchi kavu na ya baharini, katika kazi waliyoitoa mwaka 2003, walikuta kuwa baharini ugonjwa unaweza kusambaa zaidi ya kilomita 10,000 kwa mwaka.

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Kirusi kinachotoka kwa mnyama wa nchi kavu kina maadui wengi: hewa inakikausha, jua linakichoma, na kama hakikumpata mwingine karibu, habari yake imekwisha. Baharini hakuna kukauka. Vimelea vinabaki vimeloa, vinabebwa na mkondo, na vinakutana na viumbe ambao kazi yao kutwa nzima ni kuchuja maji ili wapate chakula. Chaza, sifongo na tumbawe hawana namna ya kuzuia pumzi mpaka hatari ipite. Kwa kawaida mililita moja tu ya maji ya bahari ina virusi wapatao milioni 10. Wengi wao hushambulia bakteria na hawana habari na wanyama, lakini idadi hiyo inakuonyesha jinsi maji yale unayoyaona maangavu yalivyojaa.

Sababu ya pili ni kwamba bahari haina ukuta. Mbuga ina mto, mlima, jangwa au barabara ya kuwatenga wagonjwa na wazima. Pwani ya maelfu ya kilomita ni uwanja mmoja, na kama mkondo haufiki mahali, meli itafika.

Mfano unaotajwa sana ni wa fuma wa Karibi, viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi ambao kila aliyewahi kukanyaga mwamba bila viatu anawajua jamaa zao. Januari 1983 walianza kufa karibu na mlango wa Mfereji wa Panama upande wa Karibi. Katika muda wa miezi 13 hivi, bahari karibu yote ya Karibi ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya fuma hao. Chanzo hakikupatikana kwa wakati ule.

Mwaka 2022 fuma wa aina ileile wakaanza kufa tena, mara hii kuanzia Visiwa vya Virgin vya Marekani. Fuma mzima ukimpitishia kivuli hugeuza miiba yake upande wako mara moja. Mgonjwa hajali. Vijimiguu vyake vinavyoshika mwamba vinalegea, miiba inalala ovyo kisha inadondoka, na baada ya siku chache linabaki gamba tupu linalobingirika na mawimbi. Safari hii maabara zilikuwa tayari. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa muuaji ni kiumbe cha seli moja chenye vinyweleo, cha jamii iitwayo Philaster: walimtenga, wakamweka pamoja na fuma wazima, nao wakaugua vilevile. Baadaye kimelea cha aina hiyo kilikutwa kikiua fuma katika Bahari ya Shamu, na hata kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi.

Mtu anaweza kuuliza, fuma wakifa kuna hasara gani? Fuma hula mwani unaoota juu ya mwamba. Wakitoweka, mwani unatamalaki na matumbawe machanga yanakosa pa kujishika. Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi na kimbunga kikubwa kilikuwa kimepiga mwaka 1980, eneo la mwamba lenye matumbawe hai lilishuka kutoka kama asilimia 52 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi asilimia 3 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Tatizo jingine ni la macho yetu. Ng'ombe akifa malishoni, mzoga unaonekana na harufu inaita watu. Kiumbe wa baharini huzama au huliwa, na mtu wa kwanza kugundua huwa mzamiaji aliyefika pale kwa bahati. Viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini walianza kuyeyuka mwaka 2013. Naam, kuyeyuka: mikono inajipinda, inachomoka mwilini na kutambaa peke yake, kisha mnyama mzima anageuka ute. Mabilioni walikufa. Bakteria anayehusika, Vibrio pectenicida, alitajwa mwaka 2025, miaka 12 baadaye, baada ya virusi fulani kushukiwa bure kwa muda mrefu.

Si kila ugonjwa wa baharini una mbio, lakini. Ule wa kasa wa kijani unakwenda polepole na unaumiza kuutazama. Uvimbe wenye manundu, unaofanana na koliflawa, huota shingoni, kwenye makasia na pembeni mwa macho. Mwingine hukua hadi kasa asione tena, akashindwa kupata chakula. Uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwa kasa aliyetoka Florida, na unahusishwa na virusi vingine vya jamii ya hepesi. Ruba wanaonyonya damu ya kasa wanashukiwa kuvisambaza.

Hapa ndipo mimi naona somo lenyewe lilipo. Kasa wengi hubeba virusi hivyo bila kuota hata kijipu. Uvimbe huonekana zaidi kwenye ghuba na maji ya ndani yaliyochoka, yale yanayopokea mbolea na maji machafu kutoka bara. Katika wangwa wa Indian River huko Florida, karibu nusu ya kasa wadogo wanaokamatwa kwa uchunguzi wamekutwa nao. Yaelekea kirusi peke yake hakitoshi, huenda ni mpaka kikute mwili uliodhoofika. Hospitali ya kasa iliyopo Marathon, Florida, hukata uvimbe kwa leza na kuwaweka wagonjwa kwenye matangi yao wenyewe, mbali na wenzao. Uvimbe ukiwa umeingia kwenye mapafu au figo, hapo madaktari hawana la kufanya.

Matumbawe nayo yana hospitali yake, ya ajabu kidogo. Mwaka 2014, karibu na Miami, ulizuka ugonjwa unaobandua nyama ya matumbawe magumu na kuacha mifupa mieupe. Umekwisha kuenea sehemu kubwa ya Karibi, unashika zaidi ya aina 20, na unaweza kumaliza katika wiki chache tumbawe lililokua kwa karne kadhaa. (Tusiuchanganye na kupauka kwa sababu ya joto: tumbawe lililopauka bado lina nyama, limepoteza tu mwani mdogo unaolilisha, na joto likishuka mapema linaweza kupona.) Tiba iliyoonyesha mafanikio ni amoksilini, dawa ileile inayoandikiwa watu. Wazamiaji huichanganya kwenye marhamu nzito, hushuka nayo, na kuibandika kwa vidole kuzunguka mpaka kati ya nyama nzima na mfupa. Tumbawe moja, kisha jingine. Inasaidia tumbawe lile lililopakwa, ila haizuii ugonjwa kurudi, na hakuna anayeweza kuupaka mwamba mzima.

Kuchanja nako kuna mipaka. Huko Hawaii sili wa asili wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2016 dhidi ya virusi vya jamii moja na surua, kwa kuwa wamebaki wachache na hupanda ufukweni kulala. Sadini nani atawachanja?

Kinachobaki mikononi mwa watu ni kile kinachotoka bara. Bakteria Serratia marcescens wa kinyesi cha binadamu wamethibitishwa kusababisha madoa meupe yaliyoua matumbawe ya pembe huko Florida. Fisi maji wa baharini wa California hufa kwa kimelea cha toksoplazima, ambacho mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha paka na kusombwa na mvua. Plastiki nayo imo: uchunguzi wa miamba 159 ya Asia na Pasifiki, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta uwezekano wa tumbawe kuwa na ugonjwa unapanda kutoka asilimia 4 hadi 89 pale plastiki inapoligusa.

Na kuna msaidizi asiyelipwa. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye visiwa vya Indonesia, baadhi yao wakiwa wameugua kuhara damu na taifodi kutokana na uchafu wa hapo, walipima maji kwenye majani ya bahari na nje yake. Penye majani, bakteria hatari walikuwa pungufu kwa nusu, na matumbawe ya jirani yaliugua mara mbili chini ya yale yasiyo na majani. Majani yenyewe pia huugua: miaka ya 1930 ugonjwa uliyafyeka karibu yote katika Atlantiki ya kaskazini. Kwenye ghuba za Virginia, Marekani, hayakurudi yenyewe kwa zaidi ya miaka 60, mpaka watu walipoanza kumwaga mbegu. Kufikia mwaka 2020 walikuwa wamemwaga zaidi ya milioni 70, na majani yamefunika zaidi ya hekta 3,600.