Kwa nini paka huingia uvunguni maji yanapoingia nyumbani?

Kwa miaka mingi niliamini paka haandaliwi kwa dharura. Mbwa utamfunga kamba utoke naye, kuku utawatia tengani. Lakini paka, mwenye roho ya paka? Mwachie mlango wazi, atakutangulia. Ukiwaona wa Mji wa Kale wakitembea juu ya kuta kama barabara yao, utafikiri hivyo hivyo. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoleta mafuriko Mombasa, maji yalifika kizingitini kwangu. Mlango ulikuwa wazi. Paka alikuwa uvunguni, kona ya mwisho kabisa, macho yakiwaka.

Hakuwa mjinga. Paka ni mwindaji, ila kwa udogo wake ni windo pia. Kwa windo, kujibana mahali pembamba na giza ni kinga nzuri: mbwa hapenyi, mwewe haoni. Kosa ni kwamba kinga hiyo ni ya kumkwepa adui mwenye macho. Maji hayana macho, na moshi vilevile. Nilidhani pia kwamba dagaa wangemtoa. Wapi! Paka aliyeshikwa na hofu hula kwa nadra, na jina lake analolijua vizuri halisikii, au analisikia akalipuuza. Kwa paka si rahisi kutofautisha.

Basi ukamvute, umtie kapuni? Hapo ndipo penye utamu. Kapu lenyewe amelijua lini? Siku ya kupelekwa kwa daktari wa mifugo kudungwa sindano. Ubongo wake umefunga fundo: kapu, kisha gari, kisha maumivu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa ung'ongo ndio uliosukiwa kapu.

Fundo hilo hufunguliwa polepole, kama uzi wa kushonea uliosokotana: ukivuta kwa nguvu unalikaza. Kapu liache wazi sebuleni, ndani tandika kanga uliyoivaa, isiyofuliwa, maana kwa paka harufu ndiyo anwani. Wiki ya kwanza dagaa mmoja karibu nalo, baadaye mdomoni mwa kapu, baadaye ndani. Akishazoea kuingia, funga mfuniko kidogo tu, ufungue. Kisha linyanyue, ufike naye mlangoni, urudi. Akikataa hatua moja, rudi ya nyuma.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2014 utafiti wa paka wapya katika makazi ya kutunzia wanyama wasio na mwenyewe: waliopewa boksi la kujifichia walitulia haraka kuliko wasiopewa. Paka wenyewe walikuwa 19 tu, na makazi yale hayakuwa yamejaa maji, kwa hiyo tusiutwike utafiti huo mzigo usiouweza. Ila unaelekea kule kule: usimnyang'anye uvungu, mpe uvungu unaobebeka.

Mengine ni mepesi. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa (paka naye huupata) iwe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na chakula na maji ya siku kadhaa. Kapu liwe na matundu. Joto la Mombasa halina huruma. Na maji yakianza kupanda, mfungie chumbani kwanza, kabla hujagusa begi lako.

Wangu sasa hulala kapuni mchana kutwa. Nyanya za soko la Kongowea nabeba kwa mfuko.